Bobini ya kupigia mafundo: miezi minane mkononi mwangu

Hakuna anayenunua kifaa cha kupigia fundo siku aliyovua vizuri. Mimi nilinunua changu kesho yake baada ya kolekole mmoja kuniacha nimesimama mwambani, nikiitazama fimbo iliyonyooka kama mlingoti. Alikipiga chambo cha juu ya maji alfajiri, maji yakapasuka, rili ikalia, nikasema moyoni leo ndiyo leo. Halafu kimya. Nilipokusanya uzi, ncha ilirudi imejisokota kama springi ya kalamu. Lida, kile kipande cha uzi mzito cha mbele, haipo, chambo hakipo.

Ncha ile ndiyo iliyonipa jibu. Uzi uliosagwa na mwamba hurudi umechanika nyuzinyuzi, kama kamba kuukuu. Uliochomoka kwenye fundo hurudi mzima, ila una mikunjo midogo midogo pale ulipokuwa umeizunguka lida. Wangu ulikuwa mzima. Kwa hiyo samaki hakunishinda nguvu. Fundo langu la FG, moja ya mafundo ya kuunga uzi mkuu na lida, nililolipiga usiku macho yakiwa mazito, liliteleza likatoka kama soksi mguuni.

Kwa ambaye hajaingia sana kwenye mambo haya: siku hizi wengi tunaovua baharini kwa rili tunajaza uzi wa msuko, ule wa nyuzi za polithini zilizosukwa pamoja. Ni mwembamba, una nguvu kubwa kuliko unene wake, na haunyumbuki, kwa hiyo hata samaki akigusa tu unamsikia. Ila ukipitishwa kwenye mwamba ukiwa umekazwa, unakatika upesi, na majini unaonekana. Ndiyo maana mbele yake tunaunga kipande cha uzi mzito wa nailoni au florokaboni, yaani lida, kikae karibu na samaki na karibu na mawe. Kazi yote iko hapo kwenye kiungo. Unaunganisha kitu laini kinachoteleza kama hariri na kitu kigumu kinene kinachokataa kupinda, halafu unataka viwe kitu kimoja, na vipite kwenye pete za fimbo bila kukwama.

Bobini niliyonunua ni ya fundo la PR, fundo jingine la kuunga msuko na lida. Jina la kampuni siliandiki, maana nina malalamiko nayo na sitaki kesi. Kwa umbo ni kitu kidogo kinachokaa kiganjani: mkono wa alumini uliopinda kama herufi U, gurudumu dogo la kuzungushia uzi katikati ya miguu yake miwili, na kijibomba kinachotokeza mbele ambacho uzi hupitia. Pembeni kuna skrubu ya kukaza gurudumu. Mama yangu, ambaye ameshona nguo maisha yake yote, alikikuta mezani akakiinua juu ya mwanga. "Hii si bobini? Mwanangu, sasa unashona samaki?" Nikamwambia ndiyo, mama, naunga tu mahali palipochanika.

Ndani ya mfuko wake kulikuwa na karatasi yenye picha sita. Picha ya tatu inaonyesha uzi ukianza kuizunguka lida, ya nne inaonyesha fundo tayari limejaa. Katikati hapo wameruka jambo moja, na jambo hilo ndilo fundo lenyewe. Wiki ya kwanza nilipiga mafundo manne kwa kufuata karatasi, na yote manne niliyavua kwa mkono mtupu. Nilikuwa karibu kukirudisha.

Walichoruka ni hiki. Fundo la PR lina tabaka mbili. Kwanza unaizungusha lida kwa ncha ya uzi wa msuko, mizunguko kama kumi, iliyoachana kidogo, bila haraka. Kisha unageuza na kurudi ulikotoka, na safari hii ndiyo bobini inafanya kazi: inazungusha uzi juu ya ile mizunguko ya kwanza, mmoja ukilala ubavuni mwa mwenzake bila nafasi. Tabaka ya juu inaibana ya chini, ya chini inaing'ata lida. Ukiruka ile ya chini, umevika tu lida koti. Samaki akivuta, koti linavuka.

Nikilipiga sasa huwa hivi. Nautoa uzi wa msuko kiasi cha urefu wa mkono, nauzungusha kwenye gurudumu mara kumi na kitu, nauchomeka kwenye kijibomba. Kabla ya kuuchomeka nauzungusha kwenye mguu wa bobini, na idadi ya mizunguko hiyo ndiyo breki yake. Uzi mwembamba naupa miwili au mitatu, mnene naupa mitano hadi sita. Ukizidisha, uzi hautoki kabisa. Ukipunguza, unatoka ovyo na fundo linakuwa na tumbo. Naviringa uzi mkuu kwenye kiganja cha kushoto na lida kwenye cha kulia, navuta mpaka vinanyooka mbele ya kifua changu, bobini ikining'inia katikati. Kisha naichezesha mikono kidogo kama anayepepeta, na bobini inaanza kuzunguka yenyewe kuizunguka lida, huku ikitoa mlio wa nyuki mdogo. Uzito wake ndio unaokaza. Uzi unapanda lida milimita kwa milimita, na unapokaza vizuri rangi yake inabadilika, kijani iliyopauka inageuka kijani nzito, kama nguo iliyolowa. Nikiona sehemu imebaki na weupe, najua hapo pamelegea. Narudi nyuma.

Nikishafika sentimita nne hivi nasimama, nafungia vifundo vya nusu, kimoja kushoto kimoja kulia, sita mpaka nane, kila kimoja nikikivuta mpaka kikae. Halafu nakata mkia wa lida na kuuchoma kidogo kwa kiberiti cha gesi, upate kichwa kidogo kama cha pini ili usichomoke. Hapa uwe na adabu. Polithini ya uzi wa msuko huyeyuka kwenye joto la digrii 145 hivi, na moto wa kiberiti umepita hapo mbali sana. Mimi naweka ukucha wa kidole gumba katikati ya moto na fundo. Ukucha ukihisi joto, uzi umeshahisi zaidi. Baada ya hapo navuka na vifundo vingine kwenye uzi mkuu peke yake, ili yule mgumu na yule laini wasikutane ghafla, namalizia, nakata.

Sasa je, kinafaa pesa? Kwa kazi moja, ndiyo, tena sana. FG na PR hushindwa kwa sababu moja kubwa, nayo ni mkazo usio sawa. Mkono wa binadamu unachoka, unakaza mzunguko wa kwanza na kuulegeza wa kumi na tano. Bobini haichoki. Fundo la asubuhi na la usiku yanatoka sawa, na mimi ambaye sasa nasogeza kila maandishi mbali na uso ili niyasome, ninalipiga karibu kwa kusikiliza tu. Tangu nilipojifunza ile tabaka ya chini, hakuna kiungo cha msuko na lida kilichoniachia nikiwa na samaki. Miezi minane.

Lakini sifa za kwenye kasha usizimeze. Wameandika kwamba fundo halipunguzi nguvu ya uzi hata kidogo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fundo lolote linalolazimisha uzi upinde juu ya nafsi yake linaudhoofisha kiasi fulani. FG na PR zinasifika kwa sababu lida haipindi kabisa, inakaa imenyooka, na msuko unaing'ang'ania kwa msuguano. Hiyo ni faida ya kweli. Faida hiyo ni ya fundo, na ukilipiga vizuri kwa vidole unaipata bila kununua kitu.

Mabaya yake. La kwanza ni lile karatasi, nimeshasema. La pili ni skrubu. Mkono ni alumini, safi, lakini skrubu ya pembeni ilianza kutoka wekundu mwezi wa pili, na mwezi wa nne ikakataa kufunguka. Kifaa cha kuvulia baharini kuwekewa skrubu inayoshika kutu! Aliyekisanifu sijui alidhani bahari ina maji ya bomba. La tatu, fundo la PR ni refu. Sentimita nne za uzi uliokakamaa, pamoja na vifundo mbele na nyuma, ukitupa kwa fimbo yenye pete ndogo utasikia tik-tik-tik linavyotoka, na ukiwa na lida ndefu inayoingia mpaka kwenye rili, kila mtupo unaligonga. Kwa chambo kizito cha kuchezesha wima kirefu chini ya boti haijalishi, unashusha tu. Kwa kutupa siku nzima, fundo la FG ni jembamba zaidi na linapita kimya.

La nne ndilo kubwa. Hiki kifaa ni cha mezani. Kwenye boti inayoyumba, upepo unavuma, samaki wametokea juu na kila mtu anapiga kelele, bobini inazunguka inakotaka yenyewe. Nilijaribu mara moja. Ilinigonga kidevuni, kisha ikajifunga kwenye fimbo ya jirani. Jirani hakusema kitu, alinitazama tu, na mtazamo ule nauona mpaka leo. Kwa hiyo nikiwa majini na lida ikikatika, napiga uni mbili. Kila uzi unafungwa fundo la uni juu ya mwenzake, kisha unavuta mpaka yanakutana. Mizunguko minne au mitano upande wa lida, minane upande wa msuko kwa sababu msuko unateleza. Ni nene kidogo, hugonga pete, na halina nguvu kama PR. Lakini nalipiga kwa chini ya dakika mbili huku vidole vimelowa, na samaki hawatakaa kunisubiri nicheze bobini. Mjomba wangu, aliyenifundisha kuvua, hajui fundo jingine la kuunga zaidi ya Albright, na kwa miaka yote hiyo sijamwona akilia.

Kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kukuambia na sikulitarajia. Kiungo cha juu kilipokuwa imara, tatizo halikuisha, lilihama. Mwezi wa tatu nilipoteza samaki wawili mfululizo, na mara zote mbili lida ilirudi nzima, fundo la PR linang'aa kama jipya, na mwisho wa chini hakuna chambo. Zamani msuko uliteleza kabla ya huku chini kujaribiwa. Sasa nguvu yote ilikuwa inafika kwenye fundo la chambo, na fundo hilo nilikuwa nalipiga kwa mazoea tu, klinchi ya utotoni, mizunguko mitano ikivutwa kikavu.

Kikavu ndilo neno. Nailoni na florokaboni zikisuguana bila maji hupata joto hapo hapo unapokaza, na joto hilo linaunguza ngozi ya uzi. Ukitazama kwa karibu utaona mstari mweupe, na uzi juu ya fundo unakuwa umejikunja kama utepe uliokwaruzwa na mkasi. Fundo hilo likate, usijihurumie. Sasa nalowesha kila fundo, kwa mate au kwa maji, navuta polepole mpaka mizunguko ilale, ndipo namalizia kwa nguvu. Pia nimejifunza kupunguza mizunguko kadiri uzi unavyozidi unene. Lida ya ratili 20, yaani kilo 9, inakubali mizunguko mitano sita. Ya ratili 80, yaani kilo 36, ukiipa sita haikazi, inabaki imevimba, na siku ya samaki inakaza yenyewe kwa ghafla na kujiunguza.

Kwa chambo bandia nimehamia kitanzi kisichoteleza, ili chambo kicheze huru badala ya kushikwa shingo na uzi mgumu. Unafunga fundo legevu la kawaida kwanza, unapitisha ncha kwenye jicho la chambo, unairudisha ndani ya lile fundo legevu, unazungusha kwenye uzi mkuu mara tatu au nne, kisha unairudisha tena ndani ya fundo kwa upande uleule iliotokea. Upande uleule. Ukikosea hapo, kitanzi kinakaa kombo na ukikivuta mezani unaona kimeegemea kama mlevi. Kwa ndoana tupu na swiveli, kile kiungo cha chuma kinachozunguka, napiga uni. Palomar ni fundo zuri na rahisi kuliko yote, hasa ukifunga msuko moja kwa moja, lakini inabidi kitu kizima kipite ndani ya kitanzi, na kwa chambo chenye ndoana mbili za kucha tatu utashona vidole kabla hujashona chambo.

Kuhusu uzi wenyewe wa lida, maana bobini haijali umeweka nini. Mimi nina koili mbili. Florokaboni ni nzito, huzama upesi, hainyonyi maji, na inapindisha mwanga kwa kipimo cha 1.42 huku maji yakiwa 1.33, kwa hiyo haionekani sana kama nailoni. Naitumia kwa samaki aina ya changu na wengine wenye macho makali, maji yakiwa meupe. Lakini ni ngumu, inataka kulowesha na kukaza kwa subira, na fundo baya juu yake halikusamehi. Nailoni inanyonya maji na kulegea kidogo, ila inanyumbuka, inakaza vizuri, na kwa chambo cha juu ya maji ndiyo naichagua, maana florokaboni huzama na kuivuta pua ya chambo chini. Kolekole anayerukia povu hana muda wa kukagua uzi.

Lida ikipita ratili 130 hivi, kilo 59, fundo la chambo lenyewe linakuwa mzigo. Uzi haukubali kulala, hata ukivuta kwa koleo. Hapo wenye kuvua jodari wakubwa na sulisuli hutumia vijibomba vya chuma vinavyobanwa kwa koleo maalumu. Na kwa mzia na nguru, wenye meno ya mkasi, florokaboni hata iwe nene vipi ni bahati nasibu. Weka kipande kifupi cha waya mbele. Bobini haina msaada hapo, na anayekuambia fundo zuri litamzuia mzia hajawahi kuona alichobakiza.

Jambo dogo ambalo sasa nalifanya bila kufikiri: kila baada ya samaki napitisha ukucha kwenye lida kuanzia chambo kwenda juu, kiasi cha mikono miwili. Ukucha ukikwaruza, nakata na kupiga upya. Kwenye kiungo cha PR naangalia vile vifundo vya mwisho kwenye uzi mkuu, maana ndivyo vinavyoanza kuota manyoya kwa kugongana na pete. Vikiota manyoya, fundo bado lina nguvu, ila siku zake zinahesabika. Kwa matumizi yangu linakaa safari nne hadi tano.

Je, ukinunue? Kama unatumia uzi wa msuko mnene na vyambo vizito, unatayarisha vifaa vyako nyumbani usiku kabla ya safari, na mikono yako au macho yako hayatulii kwa FG, chukua. Kama unatupa vyambo vidogo kwa uzi mwembamba, uzito wa bobini ni mkubwa kwa uzi huo, nimekata msuko mwembamba mara mbili wakati wa kuzungusha. Hapo jifunze FG kwa vidole, jioni tatu tu zinatosha, na hela yako ipeleke kwenye koili ya lida nzuri. Na kama ndiyo kwanza unaanza, piga uni mbili mpaka uchoke nayo.

Nakipa nyota tatu na nusu. Ingekuwa nne, ila ile skrubu. Niliing'oa kwa koleo, ikakatikia ndani, nikatoboa upya na kuweka nyingine ya chuma kisichoshika kutu niliyoitoa kwenye rili iliyokufa. Sasa inafunguka kwa kidole.